Helikopta ya Palma: nani aliandika listi?

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Bunia, Lubumbashi, na kokote mnakotusoma,

Kila mara helikopta ikiokoa watu mahali fulani duniani, video inaingia kwenye magrupe yetu ya WhatsApp na sisi wote tunapiga makofi. Helikopta inashuka, vumbi linapanda, watu wanakimbia wameinama, mtoto anapokelewa kwa mikono, mlango unafungwa, wanaondoka. Chini ya video watu wanaandika: «Mashujaa!» Sisi pia tunapenda hizo video, hatutadanganya. Lakini mmeona? Video inawafuata wale waliopanda. Hakuna simu inayobaki chini pamoja na wale waliobaki.

Leo tunataka kubaki chini kidogo. Tutazungumza juu ya Palma, Msumbiji, Machi 2021, juu ya ile kazi ya helikopta ambayo ilisifiwa dunia nzima. Na tutasema wazi juu ya nini hiyo habari inatuhusu sisi Wakongomani.

Palma ni mji mdogo wa kaskazini kabisa ya Msumbiji, jimbo la Cabo Delgado, karibu na mto Ruvuma na mpaka wa Tanzania. Watu wengi kule wanasema Kiswahili pamoja na lugha zao. Mama wa Palma anaweza kusoma hili tangazo bila mtu wa kumtafsiria. Basi tusiseme ni mambo ya mbali.

Pembeni ya mji, kwenye rasi ya Afungi, kampuni ya Ufaransa Total, leo inaitwa TotalEnergies, ilikuwa inajenga kiwanda cha gesi. Mradi wa dola bilioni 20. Vita ilikuwa imeshaanza katika lile jimbo tangu 2017, vijiji vilikuwa vinachomwa, watu wanahama na magodoro kichwani, vile tunavyojua sisi. Mamia ya askari wa serikali waliwekwa kulinda Afungi, ndani ya uzio wa gesi. Mji ulikuwa nje ya uzio.

Tarehe 24 Machi 2021 Total ilitangaza kwamba kazi itaanza tena. Siku ileile, wapiganaji wa kundi ambalo wenyeji wanaliita Al-Shabab (siyo lile la Somalia) waliingia Palma. Watu walikimbia kila upande: porini, baharini, kwenye mikoko. Karibu watu 220 walikimbilia hoteli moja inaitwa Amarula, wakajifungia mle. Kati yao karibu 200 walikuwa weusi, na karibu 20 walikuwa wazungu, wafanyakazi wa makampuni.

Jeshi la nchi halikuja kuwatoa. Waliokuja ni watu wa Dyck Advisory Group, DAG kwa kifupi, kampuni binafsi ya ulinzi kutoka Afrika Kusini iliyokuwa na mkataba na polisi ya Msumbiji. Helikopta zao zilikuwa nyepesi, zinabeba watu wachache tu kwa safari moja. Walipiga safari, wakashuka pale hoteli, wakapakia, wakaondoka, wakarudi.

Hapa tuwe wakweli. Wale marubani walikuwa na moyo. Kushusha helikopta ndogo ndani ya mji unaowaka, risasi zinatoka kwenye miti, siyo mchezo. Kama wewe ulikuwa ndani ya ile hoteli na ukasikia ile sauti ya helikopta inakaribia, ungelia. Hatuna ugomvi na mtu aliyeweka maisha yake hatarini kwa kumtoa mwenzake. Ugomvi wetu uko mahali pengine kabisa.

Ijumaa tarehe 26, helikopta hazikuwa zimemaliza hata robo ya watu. Jua linashuka. Wale waliobaki waliona kwamba kulala pale ni kufa, wakapanga magari 17, wakatoka kwa barabara. Wakaangukia kwenye mtego hapohapo nje ya hoteli. Magari saba tu yalipita. Watu wasiopungua saba walikufa kwenye ule msafara.

Mwezi wa Mei, Amnesty International ilitoa ushuhuda wa watu 11 weusi waliopona. Walisema nini? Kwamba kabla ya ule msafara kuondoka, karibu watu 24 walipandishwa helikopta, na kwamba wazungu walitangulizwa, pamoja na weusi wachache wakubwa, kati yao mkuu wa wilaya. Mtu mmoja kati ya tisa alipata nafasi. Na walisema jambo lingine ambalo sisi tukilisoma tulinyamaza muda mrefu: mwenye kusimamia hoteli alitoka na helikopta pamoja na mbwa wake wawili. Mbwa wakubwa, wa kilinzi. Mbwa walipanda, watu wakabaki.

DAG ilikana. Ilisema hakukuwa na ubaguzi. Ni haki yao kukana, na sisi hatukuwa pale. Lakini tunawajua watu watakaokuja kujibu chini ya hili tangazo: «Helikopta ilikuwa ndogo, muda hakuna, mnataka rubani afanye nini?» Sawa, tuchukue hayo maneno yao. Helikopta ni ndogo. Basi njo hapo hasa swali linaanza! Boti ya watu elfu haihitaji listi, kila mtu anaingia. Kweli, kule Palma ilikuja pia meli moja ikabeba zaidi ya watu elfu moja mpaka Pemba. Lakini helikopta ya watu wanne au watano inahitaji mtu wa kusema: wewe panda, wewe ngoja. Huyo mtu ni nani? Alipewa na nani hiyo ruhusa? Alifuata sheria gani: majeruhi kwanza, wajawazito kwanza, watoto kwanza, au wenye beji ya kampuni kwanza? Na hiyo sheria iliandikwa wapi kabla ya risasi ya kwanza kulia?

Kama haikuandikwa mahali, basi mazoea yanaamua. Na mazoea ya hii dunia tunayajua, hatuhitaji Amnesty kutufundisha. Mwenye pasipoti nzuri anatangulia. Mwenye namba ya simu ya mkubwa anatangulia. Mwenye mkataba ambao una kifungu cha bima ya kuondolewa anatangulia, kwa sababu kuna mtu Johannesburg au Paris anayelipa ili jina lake liitwe. Mama muuza samaki hana kifungu. Hata rubani mwenye roho safi, akishuka, anakuta listi tayari iko mkononi mwa mtu.

Na kampuni ya kulipwa ni kampuni ya kulipwa. Wiki tatu tu kabla ya Palma, tarehe 2 Machi 2021, Amnesty hiyohiyo ilikuwa imetoa ripoti inayosema helikopta za DAG zilikuwa zinapiga risasi na kutupa mabomu mahali kulikuwa raia, bila kuchagua. DAG ilisema itafanya uchunguzi. Mwanzo wa Aprili mkataba wao ukaisha, wakaenda. Sasa raia wa Palma ampigie nani simu? Amuulize depite gani? Serikali ikikukosea, hata kama ni serikali mbaya, unajua mlango wake. Kampuni ikimaliza mkataba inafunga mizigo.

Tuje kwenye mafuta, kwa sababu hapo njo panauma zaidi. Helikopta bila mafuta ni bati. Pemba iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Palma. Afungi, penye gesi, iko pale pembeni, unaiona. Lionel Dyck, mwenye DAG, alisema hadharani kwamba Total ilikataa kumpa mafuta pale Afungi. Fanya hesabu wewe mwenyewe: kila safari ya kutafuta mafuta mbali ni masaa, na kila saa ni watu wanne, watano, sita ambao hawakutoka kabla ya jua kushuka.

Total inakana kosa lolote. Inasema ilifanya kila iwezalo na kwamba ilisaidia kuondoa zaidi ya watu 2,500 kutoka Afungi. Lakini Oktoba 2023 watu waliopona na familia za waliokufa walipeleka mashtaka Ufaransa, na hiyo habari ya mafuta iko ndani. Machi 2025 waendesha mashtaka wa Nanterre walifungua uchunguzi rasmi: kuua bila kukusudia, na «non-assistance à personne en danger», kutosaidia mtu aliye hatarini. Mwanafunzi yeyote wa droit kwetu anayajua hayo maneno. Korti itaamua, sisi hatuhukumu mtu hapa. Tunachosema ni kwamba ilichukua miaka, mawakili, na familia za nje zenye uwezo, ndipo mtu akauliza kwa sauti swali ambalo watu wa Palma waliuliza siku ileile.

Na wale waliokufa wa Palma wenyewe? Serikali ilizungumza juu ya makumi. Mwandishi Alex Perry alifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba, akapata zaidi ya watu 1,400 waliokufa au kupotea, na kati yao wafanyakazi wa makampuni walikuwa 55. Wale 55 njo dunia iliwahesabu. Wengine walihesabiwa na mwandishi mmoja. Na waliovuka Ruvuma kutafuta usalama, maelfu kati yao walirudishwa na Tanzania, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilisema hivyo mwaka uleule. Tunawapenda ndugu zetu wa Tanzania, lakini hilo nalo tulitaje.

Msituambie kwamba Afrika haiwezi kuokoa watu kwa njia nyingine. Msumbiji ileile, miaka 21 kabla. Februari 2000 mvua na kimbunga Eline vilijaza mto Limpopo, maji yakameza wilaya nzima, watu wakapanda kwenye mapaa na kwenye miti. Waliokuja wa kwanza na helikopta ni jeshi la Afrika Kusini. Tarehe 1 Machi, huko Chibuto, walimkuta mama mmoja juu ya mti, amejifungua mtoto msichana palepale kwenye matawi. Daktari wa jeshi alishushwa kwa kamba, akakata kitovu, mama na mtoto wakavutwa juu. Ile picha ilizunguka dunia nzima. Mpaka wanamaliza, wale askari walikuwa wameokoa zaidi ya watu 14,000. Hakuna aliyemuuliza yule mama anafanya kazi katika kampuni gani. Alikuwa juu ya mti, ana mtoto, basi. Wakati uleule, huko London, wizara mbili za Uingereza zilikuwa zinabishana juu ya bei ya kutuma helikopta. Zilifika zimechelewa.

Hatusemi jeshi la Afrika Kusini ni malaika. Wakongomani wanalijua hilo jeshi vizuri. Tunasema kwamba helikopta ya umma, yenye amri ya kuokoa kila mtu, ilifanya kazi ambayo helikopta ya mkataba haikuweza kufanya, hata na marubani wenye moyo uleule.

Sasa turudi kwetu.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilitoka Minova kuja Goma. Juu ya nini watu walikuwa wengi vile ndani? Kwa sababu tangu mwanzo wa ule mwaka vita ilikata barabara ya Sake, na wauza mboga, wanafunzi, wagonjwa, wote walibaki na ziwa peke yake. Boti ilipakiwa kupita kiasi. Ilifika karibu na Kituku, karibu sana, mpaka watu waliokuwa kwenye bandari waliifilma na simu zao ikilala upande na kuzama. Hiyo video mnayo wote. Wengine mmeifuta kwa sababu hamuwezi tena kuiangalia. Watu walikufa makumi kwa makumi mbele ya mji wenye watu zaidi ya milioni, katika maji tulivu, mchana. Wengi hawakuwa na jile.

Ile siku, helikopta ya Leta ilikuwa wapi? Tunasema ya Leta, si ya MONUSCO. Boti ya haraka ya Leta ilikuwa wapi? Wapiga mbizi walikuwa wapi? Mitumbwi ya wavuvi tuliiona. Baadaye tuliona pia magari ya wakubwa, suti nyeusi, kamera, pole nyingi. Kituku haikuhitaji hata helikopta ya dola milioni! Pale umbali ule, maboti mawili yenye moteri nzuri, watu wanane waliofundishwa, na majile ya kutupa majini yangerudisha watoto wengi nyumbani.

Halafu Januari 2025. Goma imeanguka, maiti njiani, hospitali zimejaa mpaka kwenye korido, uwanja wa ndege umefungwa. Katika hizo siku, kuna kundi moja la watu waliotolewa kwa utaratibu mzuri: zaidi ya 280 mamluki wa Romania, waliokuwa wameletwa kusaidia jeshi letu. Waliwekwa kwenye mistari, wakavuka mpaka Gisenyi, wakapanda mabasi, kisha avioni mpaka kwao. Hatuwaonei wivu kwa kuishi. Lakini angalieni kwamba listi yao ilikuwepo. Ilikuwa na majina yote. Listi ya wajawazito wa Bulengo na Lushagala ilikuwa kwa nani? Listi ya wagonjwa wa dialisi?

Na inakuja nyingine. Julai 2022 serikali yetu iliweka mnadani vitalu 27 vya mafuta, vingine ndani ya Virunga. Mnada ulifutwa 2024. 2025 wakarudi na vitalu 52. Kuna watu watakuja na helmeti nyeupe, watajenga uzio, na ndani ya uzio kutakuwa na sehemu ya duara ya kutua helikopta, imepakwa rangi, na herufi kubwa katikati. Nje ya uzio kutakuwa na sisi. Tukiuliza leo ni nani atapanda siku ya hatari, watatuita wapinga maendeleo. Watu wa Palma hawakuuliza mapema. Au waliuliza, na hakuna aliyewasikia. Hatujui, hawakuwa na ukurasa kama huu.

Basi haya njo tunadai, na tunayapeleka kwa barua kwa depite wa kitaifa na wa jimbo, kila mmoja kwa jina lake. Kila mkataba wa mafuta, gesi au madini uwe na mpango wa dharura unaohesabu vijiji vyote vilivyo karibu na uzio, si wafanyakazi peke yao, na huo mpango usomwe hadharani kwa Kiswahili, na Kinande, na Kihunde, na Kilendu, na lugha yoyote ya wale wanaokaa pale. Kampuni yenye mafuta, boti au ndege ndani ya eneo iwe na lazima ya kuyatoa siku watu wanakufa, na adhabu iandikwe palepale kwenye mkataba. Kazi ya kuokoa raia isiuzwe kwa kampuni ya bunduki. Protection civile tunaijua kwa jina. Tunataka kuijua kwa maboti: ngapi ziko Kituku, ngapi Minova, ngapi Kalehe, ngapi Idjwi, nani analipa karbira yao, na mara ya mwisho walifanya zoezi siku gani. Na sheria ya nani anatangulia iandikwe leo, wakati hakuna mtu anayelia: majeruhi, wajawazito, watoto, wazee, walemavu, halafu sisi wengine. Mkubwa apange mstari. Mbwa wake pia.

Ninyi mnaotusoma, kuna kazi ndogo ambayo haihitaji barua. Jumamosi hii, wenye kukaa karibu na ziwa, shukeni bandarini kwenu. Hesabuni majile ndani ya kila boti kabla haijaondoka, na hesabuni watu. Pigeni picha ya boti na saa, bila kupiga nyuso za abiria, na mtutumie hizo namba mbili. Msigombane na manahodha, wengi ni vijana kama sisi na wanasukumwa na wenye boti. Mwulizeni tu kwa upole: «Kamarade, ikipinduka, nani anakuja?» Andikeni jibu lake vile alivyolisema.